Kilichotoka Kwenye Siti

Watu wa Mwanjelwa, hapa Mbeya, wakimsifu Fundi mbele yangu, mimi huinama nikatafuta sindano iliyoanguka. Sindano yenyewe haijaanguka. Natafuta tu mahali pa kuweka uso wangu mpaka sifa ziishe, maana nikiinua kichwa nitasema, na nikisema nitaonekana mwanamke mwenye kisirani anayemsengenya mzee wa watu aliyekwisha rudi kwao kupumzika. Sasa nimechoka kutafuta sindano. Acha nimweleze kama nilivyomjua, na mazuri yake yote, maana alikuwa nayo mengi, na lile moja alilonitenda. Nilikuwa na majaruba mawili ya mpunga kule Madibira, niliyoyalima na baba yangu tangu nikiwa msichana. Siku moja majaruba hayo yalipita kwenye vidole vya Fundi yakiwa yameandikwa kwenye karatasi, naye akayakabidhi kwa mtu mwingine.

Alikuwa fundi wa siti za magari. Banda lake na langu yalitenganishwa na mabati matatu. Mimi nashona magauni na sare. Yeye alishona siti, akatandika kapeti, akavalisha upya milango na dari za magari yaliyochakaa. Kwa miaka kumi na miwili tulisikilizana vyerehani. Jina lake alikuwa nalo kama watu wote, lakini sikuwahi kumsikia mtu akilitumia. Hata mkewe, alipokuja kumtembelea kutoka kwao Iringa na kikapu cha mahindi mabichi, alisimama mlangoni akaita, "Fundi, nimefika."

Magari ya mjini aliyashona kwa sababu ya ugali. Aliyoyapenda yalikuwa pikapu za zamani, zile zenye siti moja ndefu ya mbele inayobeba watu watatu na mtoto. Pikapu ikiletwa, kwanza aliizunguka, kisha akafungua mlango, akaingiza kichwa, akanusa. "Hii imebeba vitunguu," atasema. "Hii ilikuwa na mtoto mchanga, anatapika." Siti kwake ilikuwa na habari. Siku moja aliniita nikaone pikapu ya mfanyabiashara mmoja.

"Angalia hapa, Mama Tumaini. Upande wa dereva umelala kushoto. Huyu anaendesha ameegemea mlango, amechoka huyu. Na hapa kwa abiria pamekwisha kuliko kwa dereva. Kuna mtu anapanda hapa kila siku, tena mzito."

Mwenye gari alipokuja kulichukua alikuwa na mkewe, mwembamba kama uzi. Mimi nikamtazama Fundi, Fundi akanitazama, kisha akainamia cherehani chake kama mtu anayesali. Walipoondoka tulicheka mpaka tukakaa chini. Nasema haya ili ijulikane kwamba nilimpenda mzee huyu. Asingeniuma hivi kama nisingempenda.

Wengine wakipokea siti iliyochakaa wanachana kava la zamani kwa kisu, wanalitupa, halafu wanapima kwa futi. Fundi hakuchana kitu. Alikaa kwenye kigoda na wembe wake, akafumua mshono mmoja mmoja, akavitandaza vipande chini, akaviandikia mistari ya chaki, na hivyo ndivyo vilivyokuwa kipimo chake. Alisema kava la zamani limekwisha lijua umbo la siti, sasa kwa nini yeye akaulize futi ambayo haijawahi kukaliwa na mtu. Kazi ya siku mbili kwa wengine, kwake ilikuwa ya wiki. Wenye magari waligomba, wakaenda zao kwa wenye haraka, na mwaka uliofuata wakarudi na siti zilizojaa mikunjo. Aliwapokea bila kuwasema. Hilo nampa.

Chini ya kava alitoa sponji lililosagika likawa unga, akatoa gunia, akafika kwenye springi. Springi iliyokatika aliifunga kwa waya, akaikalia mwenyewe, akahama, akakaa tena, akafumba macho. Mtu akipita akamwona amekaa kwenye siti isiyo na gari, katikati ya njia, macho yamefumbwa, angedhani ni mgonjwa. Alikuwa mchoyo wa uzi kupindukia; vipande vya urefu wa kidole alivifunga fundo akavitumia tena. Lakini gari la kubebea maiti la msikiti wa jirani alilishona siti zote bure, yeye Mlutheri, na alipoletewa shukrani alisema kazi imekwisha, wasimcheleweshe nyingine.

Ukifumua taratibu namna ile, unakuta vitu. Sarafu, funguo, pini, peni, tasbihi, vidonge, picha ndogo za pasipoti, barua. Kila gari alilitengea kopo tupu la maziwa ya unga, na kila kilichotoka kwenye siti ya gari hilo kiliingia mle, hata kifungo. Siku ya kukabidhi gari alimpa mwenyewe funguo kwa mkono wa kulia na kopo kwa mkono wa kushoto. Alikuwa na neno lake moja, na watu wote wa Mwanjelwa walilijua: "Kilichotoka kwenye siti ni cha mwenye gari." Hakubakiza hata sarafu. Watu walimsifu kwa hilo kuliko kwa mshono wake.

Na mimi nilimsifu. Ila kuna siku nilipaswa kufungua macho. Alikuja mwanamume mmoja kuchukua gari, ameongozana na mkewe. Fundi akatoa funguo, akatoa kopo, akalimimina juu ya siti mpya mbele ya wote wawili, na pamoja na sarafu ikatoka hereni moja ya dhahabu. Mwanamke aliiokota, akaigeuzageuza, akairudisha mahali pake. Alitembea kwa miguu hadi barabarani, na mumewe akabaki na funguo mkononi.

"Fundi, ungeificha tu," nilimwambia walipokwisha kuondoka.

"Ningeificha ningekuwa mwizi."

"Basi ungempa mume peke yake."

"Mimi natoa kopo, Mama Tumaini. Wanayoyaona mle ni yao."

Nikasema moyoni huyu mzee ni mnyoofu kama rula. Sikufikiri kwamba ndoa ya watu imevunjika mchana kweupe na yeye anatafuta uzi wa kuendelea na kazi.

Sasa nieleze habari ya kusoma. Fundi hakujua kusoma. Hilo nalo lilijulikana, na hakulionea aibu. Alikuwa akilisema mwenyewe mapema, gari likifika, kabla hata hajaulizwa. "Mimi kusoma kwangu ni kwa vidole." Tangazo la soko likibandikwa, alinijia nimsomee. Ujumbe wa simu ukiingia, alinyoosha mkono na simu juu ya bati. Binti yake alikuwa akimwandikia kutoka Iringa, mambo ya kawaida: mvua imenyesha, mbuzi amezaa, mtoto alikuwa na homa lakini sasa anacheza. Nilisoma kwa sauti, nikishindana na vyerehani, na majirani wote wa mstari ule walisikia. Yeye alifumba macho kama vile anapojaribu springi.

"Rudia pale pa mtoto," atasema.

Nilirudia. Malipo yangu yalikuwa nusu ya hindi la kuchoma, nusu kubwa siku zote. Kuna mwaka nilijitia ualimu, nikamnunulia daftari na penseli, tukaanza na a, e, i, o, u. Alishika penseli kama anashika bisibisi. Wiki nzima tukabaki kwenye a. Mwisho akacheka, akasema kichwa chake kimejaa sponji, tuache. Daftari lile alilitumia kufunga misumari.

Na siku ujumbe ulipokuja kwamba mkewe amefariki, ni mimi niliyeusoma. Simu ilikuwa mkononi mwangu, maneno nimekwisha yaona, nami nikawa natafuta njia ya kuyatoa. Nikazima cherehani. Nikazunguka mabati, nikaingia kwake. Nikatafuta kigoda nimkalishe. Alikuwa amekwisha kaa. Mikono ilikuwa imelala mapajani, mgongo umeegemea pikapu ya mtu, na machozi yalikuwa yamekwisha fika kidevuni kabla sijafungua mdomo. Nilidhani amenisoma uso. Nililia naye, nikamfungia banda, nikamsindikiza stendi. Kwa miaka mingi nilihadithia watu jinsi yule mzee alivyohisi kifo cha mkewe bila kuambiwa.

Baba yangu alifariki mwaka uliofuata, nyumbani Chimala. Aliacha nyumba, aliacha pikapu, na aliacha majaruba kadhaa Madibira. Mawili kati ya hayo, yale ya kando ya mfereji mkuu ambayo hayakosi maji hata mwaka mbaya, ndiyo tuliyoyalima mimi na yeye. Kaka yangu alikuwa kwenye biashara zake; matope hakuyataka. Baba aliniambia zaidi ya mara moja, "Hayo mawili ni yako. Nimeandika, mwanangu. Ipo mahali ambapo mchwa hawafiki." Mchwa walikuwa wamemlia kitabu chake cha ushirika na cheti cha ubatizo, ndiyo maana aliwaogopa kuliko wezi.

Baada ya matanga, ukoo ukakaa. Baba mdogo ndiye aliyeongoza kikao, na alikuwa upande wangu waziwazi. Lakini mtoto wa kike na mashamba ni mjadala mrefu kwetu, na wazee wakataka karatasi. Mwandiko wa baba walikuwa wanaujua. Wakiuona tu, wamekubali. Tulitafuta ndani ya sanduku, ndani ya Biblia, juu ya dari, chini ya godoro. Hakuna aliyefikiria pikapu. Mimi mwenyewe siku ya mazishi nilikaa mbele, kwenye siti ile ile iliyoficha karatasi yangu, kutoka nyumbani hadi makaburini nikilia. Kikao kikaamua kaka ashike majaruba yote mpaka karatasi itakapoonekana. Pikapu akapewa yeye pia, kama mtoto mkubwa wa kiume.

Na hapa ndipo ninapojilaumu. Pikapu ile ilikuwa imechakaa vibaya ndani. Springi zilikuwa zimetoboa kava, dari imeshuka inamgusa mtu kichwani, milango imebaki mabati matupu. Nikamwendea kaka, nikamwambia nitaigharamia mimi, iwe kama zamani, kwa heshima ya baba. Nilikuwa na hesabu yangu. Nilidhani akiketi kwenye siti nzuri aliyoshonewa na dada yake, moyo utalainika, na yale majaruba mawili ataniachia bila hata karatasi. Nilichagua mwenyewe leza ya kahawia, ile ngozi ya bandia, inayokaribia ile ya baba. Nikampelekea Fundi, nikamwambia, "Hii ishone kama ya kwako."

"Hii ya baba yako?" Akaingiza kichwa, akanusa. "Mpunga," akasema. "Na mtu mmoja anakaa dirishani, mwepesi, anakunja miguu."

"Ni mimi huyo," nikasema, na nikalia pale pale mbele ya wateja.

Alianza kufumua siku ya Jumatatu. Jumanne nikapata habari kwamba mama yangu mdogo amefariki Makambako, nikaenda kuzika, nikakaa huko siku sita. Niliporudi, banda la Fundi lilikuwa tupu. Kaka alikuwa amekuja, amechukua gari lake. Nililiona wiki ile barabarani: siti imenyooka, mishono miwili sambamba kama alivyoipenda baba, dari imerudi mahali pake. Nilifurahi. Nilimpa Fundi shati nililomshonea kwa kitambaa kizuri, akalivaa kanisani.

Ilipita miezi minne ndipo aliponiuliza juu ya bati, bila kuinua kichwa, "Kaka yako alikupa kile kitana chako?"

"Kitana gani?"

"Kidogo, cha kijani. Kilikuwa upande wako, dirishani. Nilijua ni cha kwako ukiwa mtoto."

"Hakunipa. Kulikuwa na nini kingine?"

Cherehani chake kilisimama. "Sarafu. Ufunguo. Na karatasi, imefungwa kwenye nailoni, imeshonewa ndani ya gunia upande wa dereva. Imeshonwa kwa mkono, mshono mbaya."

"Karatasi gani, Fundi? Imeandikwa nini?"

"Mama Tumaini," akasema polepole, "mimi sisomi."

Nilikimbilia Chimala siku ile ile. Kaka hakukataa kwamba alipewa karatasi. Alisema ilikuwa risiti ya mbolea, ya zamani, ameitupa. Nani anashonea risiti ya mbolea ndani ya siti? Lakini alisema hivyo, akala yamini, na baba mdogo akaitisha kikao cha pili. Safari hii Fundi akaitwa. Alikuja amevaa shati langu, akaketi kwenye kiti cha mbao katikati ya wazee wangu, mikono imelala mapajani.

Baba mdogo akamuuliza, "Wewe uliishika hiyo karatasi. Ilikuwa ya kuandikwa kwa mashine au kwa mkono?"

"Niliona wino, mzee."

"Mistari mingi au michache? Risiti ina mistari michache."

"Mimi sisomi, mzee."

"Siulizi kusoma. Nauliza ulichokiona. Hata jina moja? Hata herufi ya kwanza?"

Fundi aliinamisha kichwa. Jasho lilikuwa likimtoka kwenye paji la uso, na Chimala siku ile haikuwa na joto. Nilimwona mzee wa watu anadhalilishwa mbele ya ukoo mzima kwa ajili yangu, na roho iliniuma. Ndipo nikasimama, mimi, kwa mdomo wangu huu.

"Baba mdogo, mwacheni. Mnamuuliza nini mtu asiyejua hata a? Nimejaribu kumfundisha, imeshindikana. Ni mimi ninayemsomea kila kitu, miaka yote hii. Mwanjelwa nzima ni shahidi. Naapa, huyu hajui kusoma."

Baba mdogo alinitazama kwa muda mrefu. Nadhani alikuwa ameona kitu, naye alikuwa karibu kukifikia. "Haya," akasema. "Kama wewe mwenyewe unaapa." Kikao kikaisha. Kaka akamrudisha Fundi stendi kwa pikapu ile ile.

Nilimsamehe. Kwa kweli sikuona hata kosa la kusamehe. Mtu hasomi, ana sheria yake, ameifuata; ubaya ulikuwa wa kaka. Niliendelea kumsomea ujumbe wa binti yake, naye akaendelea kunigawia nusu kubwa ya hindi. Macho na mgongo vilipoanza kumsumbua, akauza cherehani chake, akarudi kwao, kijiji kimoja mbele ya Ifunda. Watu wa mstari wetu walimchangia blanketi. Hotuba ya kumuaga niliitoa mimi.

Mwaka huu binti yake alinipigia simu. Anaimba kwaya kanisani kwao, wanataka sare mpya, na alikumbuka shati la baba yake. Nikazishona, nikazifunga kwenye viroba viwili, nikapanda basi la alfajiri siku ya Jumapili. "Baba atafurahi," aliniambia. "Sijamwambia kama unakuja."

Nilifika ibada imeanza. Nje kulikuwa na ukungu na baridi ya kule, ndani pamejaa, nikabanwa kwenye benchi la mwisho karibu na mama mmoja aliyejifunika mgolole. Mzee wa kanisa akaitwa kusoma somo. Akainuka Fundi. Alitembea taratibu hadi mbele, akatoa miwani kwenye mfuko wa koti, akaivaa, akafungua Biblia kwenye ukurasa wenyewe bila kutafuta sana. Somo lilikuwa limejaa majina magumu ya wafalme na mababu zao, yale yanayowashinda hata wahubiri. Aliyasoma yote. Alisimama penye nukta, akapumua penye mkato. Hakujikwaa hata mara moja.

"Anasoma vizuri," nilimwambia yule mama, kwa sauti ambayo sikuitambua.

"Huyu?" akanong'ona. "Huyu ndiye alikuwa anatusomea tangu kijana, kabla hajaenda Mbeya. Shuleni alikuwa wa kwanza."

Sikusikia mahubiri. Baada ya ibada watu walitoka nje kwa mnada wa sadaka, kuku, mayai, debe la viazi, na katika kelele hizo akaniona. Alisimama. Miwani ilikuwa bado usoni.

"Kamwene, Mama Tumaini," akanisalimu kwa lugha ya kwao.

"Kamwene, Fundi. Umesoma vizuri."

Aliivua miwani, akaikunja, akaishika mkononi. Hakujaribu kudanganya, nashukuru kwa hilo. Tulikwenda pembeni, kwenye ukuta wa kanisa, na akanieleza akitazama kuku wanavyonadiwa. Alipofika Mbeya, miaka hiyo ya mwanzo, alikuta barua ya hospitali kwenye siti ya bwana mmoja. Akaisoma, na kwa wema wake akampa yule bwana pole ya ugonjwa. Bwana yule hakurudi, na wenzake wote hawakurudi. Mteja aliyefuata akamuuliza kama anajua kusoma. Akasema hajui. "Ndiyo kazi ikaanza kuja," akasema. "Watu wana mambo yao kwenye magari. Nani atamletea gari yake fundi anayesoma?"

"Na karatasi ya baba?"

"Niliisoma."

"Ilisema nini?"

Akafumba macho, na akaitoa yote. Aliikumbuka neno kwa neno. Baba alikuwa ameandika kwamba anaandika akiwa na akili zake timamu. Kwamba majaruba mawili ya kando ya mfereji ni ya binti yake, kwa kuwa ndiye aliyeingia naye matopeni. Kwamba gari ni la mwanawe wa kiume, na asimsumbue dada yake. Nilisikia sauti ya baba kabisa, hata ile tabia yake ya kurudia neno "matopeni". Nilikuwa sijaisikia kwa miaka minane.

"Sasa kwa nini, Fundi?"

"Karatasi yenyewe ilisema gari ni ya kaka yako. Na kilichotoka kwenye siti..."

"Usiniambie hilo neno. Ilisema majaruba ni ya nani?"

"Ya kwako," akasema.

"Ungeninong'oneza tu. Tulitenganishwa na mabati."

"Ningekunong'oneza, ungesema. Ungesemea kwenye kikao, na ungekuwa na haki. Mwanjelwa wangejua kwamba nasoma, na kwamba nilisoma ya wote. Nilikuwa na mke anaumwa huku wakati naanza, nilikuwa na watoto, Mama Tumaini. Baadaye ikawa tu siwezi kurudi nyuma."

Nikaimeza hasira yangu, maana nilikuwa nahitaji kitu kutoka kwake. Nikamwambia baba mdogo bado yu hai. Twende Chimala, mimi nitalipa nauli, akayaseme mbele ya wazee kama alivyoyasema hapa, na wao wakimsikia watajua ni maneno ya baba. Kaka hawezi kubisha.

Alitikisa kichwa, bila ubishi, kama mtu anayekagua kazi ya mwingine. "Kaka yako atasema umenikaririsha. Wewe ndiye uliyeapa, mama. Ulisema hata a siijui. Ulisema Mwanjelwa nzima ni shahidi, na ni kweli, wamekusikia ukinisomea miaka kumi na miwili. Nani ataniamini leo?"

Nilitafuta tusi, sikulipata. Alikuwa anasema kweli. Mlango aliokuwa nao baba mdogo mkononi niliufunga mimi, kwa huruma yangu, na Fundi alikaa pale kwenye kiti cha mbao akaniacha niufunge.

Binti yake alitujia akitabasamu, ameshika karatasi. Kwaya walikuwa wamejaribu sare, wamependa, ila chache za kurekebisha wameziandika. Akanipa mimi. Nikaitazama, machozi yalikuwa yamejaa, wino ukawa unaelea, sikuona hata jina moja. Fundi akanyoosha mkono, akaichukua taratibu kutoka vidoleni mwangu, akavaa miwani.

"Sare ya mwenyekiti, ipunguzwe mikono," akasoma. "Ya sauti ya pili, wawili, iongezwe kiunoni. Ya mwalimu wa kwaya, kola imekaza."

Alisoma kwa sauti ile ile ya kanisani. Watu walikuwa wametuzunguka, wengine na kuku mkononi, na hakuna hata mmoja aliyegeuka kumtazama. Kwao halikuwa jambo jipya.

"Rudia pale pa mikono," nikamwambia.

Akarudia.